Kitufe cha Gaju

Ng'ombe wa mahari alikuwa amepotea, na wakwe walikuwa wanakuja Jumamosi. Hilo ndilo lililoikaba nyumba ya Papa Evode pale Masisi, na kila mtu wa nyumba hiyo alikuwa amekatazwa kulitamka. Ukiulizwa sokoni, "Gaju iko muzima?" ujibu, "Iko, anakula majani." Ukiulizwa anakula majani ya wapi, ukohoe.

Gaju alinunuliwa na Shema, kijana wao wa kwanza, kwa dhahabu aliyoichimba Omate, kule Walikale, akiwa nusu mtu nusu matope. Aliyemlea ni baba yake. Kila jioni, nyumbani kwao Nyamitaba, Papa Evode alisimama na chumvi kiganjani akaita, "Gaju weee, ngwino, ngwino," yaani njoo, njoo, kisha akapiga mluzi mrefu unaopanda na kuvunjika mwishoni. Gaju alikuja mbio, amesimamisha mkia, akamlamba mkono hadi kwenye kiwiko. Mama Libérata alikuwa akisema kwamba katika miaka yote ya ndoa yao hajawahi kuitwa kwa sauti tamu namna hiyo, hata siku moja.

Siku ya kumwombea Shema mchumba wake, Adelaïde, Papa Evode alisimama mbele ya ukoo wa Papa Mbonigaba akamtaja Gaju kwa jina, akamsifu pembe, akamsifu mwendo, akamsifu mimba aliyoibeba. Na desturi ni kali: ng'ombe akishatajwa kwa jina kwenye posa, ni huyo huyo, huwezi kuleta wa kufanana naye. Tena upande wa msichana hawaendi kumkagua kabla ya siku yake. Ukienda kukagua, umemwambia mkwe wako kwamba ni mwongo. Basi Papa Mbonigaba alimjua Gaju kwa sifa tu, hakuwahi kumwona.

Kisha risasi zikalia Nyamitaba. Watu walikimbilia Masisi na walichoshika, na walioshika mwiko walikimbia na mwiko. Gaju akapita njia yake. Ndayambaje naye, mtoto wa Annonciata, akapita njia yake. Annonciata ni dada yake Papa Evode, mjane, na tangu siku hiyo aliishi kwao. Jina la mwanawe hakulitaja kamwe. Alichofanya ni kutania watu, asubuhi, mchana na jioni, na waliomjua walimwacha atanie.

"Papa, tutafute ingine ya rangi ile ile," Shema alisema jioni moja, mikono kichwani. "Nani atajua?"

"Gaju njo atajua," akajibu baba yake.

"Iko wapi ya kujua?"

"Na mimi nitajua. Nitasimama mbele ya bakwe niseme jina ya ng'ombe ingine? Ulimi yangu itakauka."

"Sasa Adelaïde mimi nitamupoteza sababu ya ulimi yako."

Annonciata, aliyekuwa anachambua maharage, akasema, "Shema, oa ng'ombe. Adelaïde tutamupeleka malishoni." Hakuna aliyecheka, ila yeye.

*

Katika nyumba hiyo yenye huzuni kulikuwa na mtu mmoja mwenye furaha ya wazimu, naye ni Muhawenimana, binti yao. Alikuwa anasoma informatique, elimu ya kompyuta, huko Goma. Mwaka ule Goma ilipotekwa na waasi, masomo yakasimama, akarudi na kompyuta ya mkono iliyofungwa ndani ya kitenge kama mtoto mchanga. Wazazi walimhurumia. Kumbe msichana amerudi na raha yake.

Mama yake aliuza fromaji, yaani jibini, sokoni, na asubuhi alisema kwenye redio ndogo ya Masisi. Sauti yake ilipendwa mpaka huko vilimani: matangazo ya misa, vifo, watoto waliopotea, bei ya maharage. Lakini fundi wa redio alikimbilia Bukavu, akawaachia ordinatere, kompyuta ya mezani, yenye vimaneno vidogo vya kijivu, vyote kwa lugha ya watu. Mama Libérata kusoma kwake ni kwa kubahatisha. Wiki hiyo alitangaza msiba, kisha akausindikiza na muziki wa harusi. Papa Théophile, mkuu wa redio, akamwambia mbele ya watu, "Mama, kama mashine inakushinda, tutatafuta mwingine." Alirudi nyumbani akakaa na wigi yake mkononi.

"Mama, ngoja," Muhawenimana akasema. "Nitakutengenezea uso ya mashine. Uso yako weye."

Alifanyia kazi dukani kwa Mumbere, mfanyabiashara kutoka Butembo, kwa sababu huko ndiko kulikuwa na sola. Alikaa kati ya magunia ya sukari na masanduku ya sabuni. Aliandika mstari mmoja, akagonga, dirisha tupu likafunguka kwenye kioo. Akaandika mwingine, kitufe kikachomoza ndani ya dirisha. Akaandika rangi, kitufe kikawa chekundu. Mumbere aliacha wateja wake wamesimama.

"Haya mengi yametoka kwa ile maneno kidogo?" akauliza.

"Njo utamu yake, Papa Mumbere. Iko lugha ya script. Mambo magumu ya ndani, batu walisha andika zamani. Mimi niko nasema tu: weka bouton hapa, weka picha juu yake, mutu akigusa, cheza sauti."

Mama yake, aliyekaa juu ya gunia, akafikiri. "Ni kusema unga wengine walisha saga. Weye unasonga tu bugali."

"Njo vile, Mama."

"Basi songa. Lakini kijivu sitaki. Nimechoka na kijivu."

Wakaanza kusonga. Mama akasema kitufe cha misa kiwe na picha ya kanisa, na kiwe kikubwa, kwa sababu Mungu si mdogo. Cha vifo kiwe cha zambarau. Cha muziki kiwe na ngoma, tena kikae mbali kabisa na cha vifo, ng'ambo ya kioo, ili mkono usiteleze tena. Kila neno lililomtoka mama, binti aliandika mistari miwili mitatu, akagonga, na hapo hapo kitu kikawepo. Mama akiona si hivyo, kikafutwa, kikaja kingine. Hawakungoja fundi wala ruhusa. Ikafika mahali mama alikuwa anajipiga mapaja kwa vicheko, anasema, "Sasa ifanye icheze-cheze nikiigusa," na kitufe kikacheza-cheza. Mumbere akaomba aone tena. Mteja wa chumvi akaomba aone tena.

Kwa kipindi cha wakulima na wafugaji Muhawenimana aliweka picha ya jembe. Na pembeni, chini kabisa, kulikuwa na kitufe kimoja cha kujaribia. Alikuwa anahitaji sauti yoyote ya kupimia kama kitu kinalia, na kwenye simu yake alikuwa na sauti moja tu aliyoirekodi zamani Nyamitaba: baba yake anamwita Gaju. Akaitia hapo, akaiwekea na picha ya Gaju mwenyewe, akaiamuru ijirudie mpaka aizime. Akasema ataiondoa kesho. Kila fundi wa kazi hii ana kitu cha kujaribia ambacho ataondoa kesho, nami sijawahi kumwona aliyekiondoa.

*

Siku ya kwanza ya uso mpya kwenye mashine ya redio ilikwenda vizuri kupita kiasi. Mama Libérata aligusa kanisa, misa ikatangazwa. Aligusa zambarau, wimbo wa maombolezo ukaingia polepole kwa heshima. Papa Théophile alisimama mlangoni, akakunja mikono. Mama akaanza kujisikia, akavuta micro, kile kipaza sauti, karibu.

"Na sasa," akasema, "bandugu bafugaji wa Masisi, muganga wa mifugo atawaambia juu ya kupe."

Akatazama kioo. Jembe liko pale. Lakini mama huyu amezaliwa kwenye maziwa, ameolewa kwenye maziwa, anauza fromaji. Kwake yeye jembe na mfugaji, wapi na wapi? Mfugaji ni ng'ombe. Na ng'ombe yupo, pale chini, tena anamtazama. Akamgusa.

"Gaju weee, ngwino, ngwino," Papa Evode akaita juu ya vilima vyote vya Masisi.

Mama akaruka. Akagusa tena ili kumnyamazisha. Binti hakuwa amemwambia kwamba kila mguso unaanzisha mwingine juu yake, kwa hiyo sasa wakawa Evode wawili. Akagusa tena, wakawa watatu, wanapokezana mluzi. Mama akasahau dunia, akasahau na micro.

"Muhawe, kuya hapa, baba yako hanyamazi! Na anaita nini, ile ng'ombe si ilisha potea tangu Nyamitaba?"

Maneno hayo yalitoka safi kabisa. Redio yetu ilikuwa na tabia ya kukwaruza, lakini asubuhi hiyo haikukwaruza hata kidogo.

*

Papa Evode alikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, na redio iko ukutani. Alijisikia akiita. Kinyozi akasimamisha mkono. Wanaume waliokuwa kwenye benchi wakamtazama yeye, wakatazama redio, wakamtazama yeye. Aliinuka akaondoka na nusu ya nywele zake, na alipopita kwenye kituo cha moto, zile pikipiki za abiria, motari mmoja akapiga ule mluzi, unaopanda na kuvunjika mwishoni. Wa pili akauitikia. Mpaka anafika kwake, barabara nzima ilikuwa inamwita ng'ombe wake.

"Kaka," Annonciata akamwambia mlangoni, anajipangusa machozi ya kucheka, "mimi nilishaanza kuitika. Nikasema labda njo mimi Gaju."

"Annonciata, leo hapana."

"Nasema kweli. Nilitafuta mpaka chumvi."

Shema hakucheka. Alikaa chini, mgongo kwenye ukuta, simu mkononi, anaitazama kama mtu anayengoja daktari. Mama Libérata alikuja ameinamisha kichwa, nyuma yake Muhawenimana amekumbatia kompyuta.

"Ni kosa yangu," binti akasema. "Nilipashwa kuiondoa."

"Ni kosa yangu," mama akasema. "Mimi njo niligusa."

"Ni kosa ya nani haisaidie tena," akasema Papa Evode, mkono umefunika upande usionyolewa. "Nilisema uongo kwa mukwe wangu, miezi yote hii, na bibi yangu ameniumbua mbele ya vilima."

Simu ikalia. Shema akaiweka sauti wazi ili wote wasikie, kwa sababu peke yake aliogopa. Alikuwa Papa Mbonigaba mwenyewe, na Papa Mbonigaba si mtu wa kupiga simu.

"Evode."

"Papa Mbonigaba."

"Tumesikia redio."

Papa Evode akasimama wima.

"Jumamosi tunakuja," sauti ikasema. "Batu wote." Simu ikakatika.

Sasa waliumia kweli. Ukoo mzima hauji kwa ng'ombe aliyepotea isipokuwa kuvunja uchumba. Shema alitoka nje akapasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa. Alikuwa amemchimba yule ng'ombe kutoka ardhini, punje kwa punje, na alikuwa anampenda Adelaïde hata alipoota alimtaja. Mama yake alimsikia akipasua, na kila pigo lilimwingia.

*

Jumamosi walipika kama watu wanaopikia msiba. Papa Evode alikuwa amenyolewa nusu ya pili na alivaa koti lake la misa. Wakwe walianza kuonekana kwenye mteremko, wazee mbele na fimbo zao, wanawake na vikapu, Adelaïde katikati amefunikwa kitenge, na Shema akaona kwamba mabega ya Adelaïde yanatikisika. Akadhani analia.

Wakakaribishwa, wakakaa. Hawakugusa pombe, hata midomo hawakuilowesha. Papa Mbonigaba akasimama. Mfukoni akatoa redio ndogo ya wachungaji, akaiweka juu ya meza. Antena yake ilikuwa imepinda na kutafunwa, na kitambaa cha mbele kimenyofolewa.

"Evode," akasema, "hii redio ni ya muchungaji wangu. Anaivaa kwa shingo siku yote. Ile asubuhi alikuwa kwa malisho, anasikiliza bibi yako. Mara sauti yako ikatoka mule ndani. Ng'ombe moja ikainua kichwa."

Papa Evode akashika ukingo wa kiti.

"Ukaita mara ya pili. Ikaanza kukimbia, mukia juu. Mukawa batatu munaita. Muchungaji akaona inamukujia, akakimbia. Evode, alikimbia ule mulima na weye unaita shingoni mwake. Ikamufikia, ikamuangusha, ikalamba redio, ikalamba mutu, ikatafuta chumvi mule ndani mpaka ikavunja antena. Tena hata sasa, muchungaji akikohoa tu, inakuja."

Hapo kitenge cha Adelaïde kikadondoka, na ikaonekana kwamba msichana hakuwa analia hata kidogo. Alikuwa anacheka tangu mteremkoni, amebana kitenge kwa meno.

Papa Mbonigaba alibaki amesimama, na sasa sauti yake ikashuka. "Mimi pia niko na aibu yangu. Siku ya kukimbia, ng'ombe nyingi zilichanganyika. Hii ilifuata zangu. Niliuliza kidogo kwa mulima. Kidogo tu, Evode, sikuuliza kwa nguvu. Hakuna mutu alijitokeza, nikanyamaza. Ikazaa kwangu. Miezi hii yote nimekunywa maziwa ya mahari ya binti yangu kabla ya kupewa."

Aibu zilikuwa mbili, zimekaa meza moja, zinatazamana. Kisha Papa Evode akaanza kucheka. Alianza tumboni, akapanda mabegani, akamshika Papa Mbonigaba mkono ili asianguke, na mzee yule mzito naye akaanza, na ukoo wote ukafuata, hata wale bibi wazee waliokuwa wamekuja kununa.

"Iko wapi?" Papa Evode akauliza alipopata pumzi.

"Nyuma ya kilima. Tuliogopa atakusikia na atatuingilia kabla ya maneno ya heshima. Mwite."

Papa Evode akasimama mlangoni. Mama Libérata akamtia chumvi kiganjani. "Gaju weee," akaita, akaishia hapo. Hakukuwa na haja. Gaju alitokea mteremkoni mbio, mkia juu, akapita kati ya wazee, akaangusha kiti kimoja na sufuria moja, na nyuma yake ndama wake akijikwaa-kwaa, miguu mirefu, hajui wanakwenda wapi. Gaju akalamba mkono mpaka kwenye kiwiko, na koti la misa likaenda na maji.

"Basi, Papa Mbonigaba," Papa Evode akasema huku analia wazi, "nakupa Gaju."

"Nimemupokea," akajibu mkwe wake. "Maziwa yake ni mazuri, nayajua."

Ilikubaliwa ndama abaki kwa Shema na Adelaïde, wapate pa kuanzia. Annonciata akampa jina kabla mwingine hajafungua mdomo. Akamwita Redio.

*

Pombe sasa ilinyweka. Papa Théophile naye alikuja, akajifanya kwamba yeye ndiye aliyempa mama ule uso mpya wa mashine. Muhawenimana alikuwa amefungua kompyuta kwenye ngazi, anaonyesha watu, na kila mtu alitaka kugusa ngoma. Mumbere ndiye aliyekuwa anaeleza, kana kwamba mistari ameiandika yeye.

"Hii ya Gaju sasa naiondoa," Muhawenimana akasema. "Kazi yake imeisha."

"Usiiondoe," Annonciata akasema.

Alikuwa amekuja bila kusikika, na hakuwa na utani usoni. Akakaa kwenye ngazi, karibu na binti wa kaka yake, akakunja miguu ndani ya kitenge.

"Ng'ombe imeitika," akasema. "Sasa mutu?"

Muhawenimana akaondoa kidole kwenye kompyuta.

"Matangazo ya batoto walipotea nayasikia kila siku," Annonciata akaendelea. "Jina, miaka, kijiji. Sikuenda kumutangaza. Ile maneno ni kama ya kartasi. Ndayambaje mimi sikumwita hivyo. Nilimwita ya kwangu, jioni, bugali ikiiva, na popote alikuwa alikimbia." Akatazama mikono yake. "Unaweza kutia ile?"

"Naweza, Shangazi. Ni mistari tatu tu."

"Tia."

Muhawenimana akatoa simu, akamsogezea mdomoni. Annonciata akasimama, akageukia milima, akaweka kiganja kando ya mdomo kama mwanamke aliye mlangoni kwake, akaita. Alikuwa na sauti kubwa, ambayo hatukuwahi kuijua. Ndama akainua kichwa.

Kisha akakaa tena, akavuta pumzi, akasogea atazame kioo. Msichana aliandika mstari wa kwanza. Kitufe kitupu kikachomoza pembeni mwa Gaju.

"Picha sina," Annonciata akasema.

"Haina shida. Tutatia rangi. Rangi gani?"

"Njano. Shati yake ilikuwa ya njano."

Muhawenimana akaandika, akagonga, na kitufe kikawaka njano. Annonciata akakigusa kwa ncha ya kidole, taratibu, kama mtu anayepima joto la maziwa. Sauti yake mwenyewe ikamwita mtoto, mbele ya watu wote.

"Itajirudia?" akauliza.

"Itajirudia mpaka uizime."

"Basi mwambie mama yako Jumatatu asubuhi aiguse," akasema Annonciata. "Na asiizime."